Printa ya volti 120 imechomekwa kwenye 240, fyuzi imekatika mara mbili. Inapona?

#1 KaratasiTupu

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina printa ya wino, ile ya matangi, niliyoletewa na ndugu yangu aliyekuwa Marekani. Alikuja nayo nzima kabisa, aliitumia mwenyewe hadi wiki ya kuondoka. Nilipoipata nikatafuta kichwa cha kubadilishia plagi, nikaichomeka ukutani. Sikuwahi hata kubonyeza kitufe cha kuwasha. Nilisikia mlio kama puto limepasuka, ikafuata harufu ya kuungua, halafu kimya.

Jirani mwenye uzoefu wa kutengeneza redio akanisaidia kuifungua. Kwenye kijisanduku cha umeme tukakuta fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi tii na kidude cha duara cha bluu kimepasuka katikati. Akasema kidude hicho ni cha kukinga radi tu, mashine inafanya kazi hata bila hicho. Tukakikata, tukaweka fyuzi mpya, tukachomeka. Mlio wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na safari hii moshi ulitoka. Sasa kuna kapasita kubwa (kile kikopo cha kuhifadhi chaji) imevimba kichwa na chini yake kuna majimaji.

Ndiyo printa ninayoandalia mazoezi ya wanafunzi wangu, kwa hiyo nimeumia kweli. Inapona hii, au nitoe wino niiweke pembeni?

#2 Msomaji_wa_Usiku

Pole mkuu. Hapo nadhani bodi yote imekwenda, na kichwa cha kuchapisha pia. Volti 240 si mchezo. Anza kutafuta nyingine.

#3 FundiMita

Pole sana mkuu, na pole kwa wanafunzi wako. Ndugu wa #2, tusimzike mgonjwa kabla hajapimwa.

Printa iliyopigwa na volti kubwa kupitia soketi ya ukutani mara nyingi huumia sehemu moja tu, yaani pawa saplai (hicho kijisanduku cha umeme), na hata humo huumia upande ule unaopokea umeme wa ukutani. Bodi kuu na kichwa cha kuchapisha viko ng'ambo ya transfoma ndogo iliyomo ndani ya saplai. Umeme hauvuki pale kwa waya, unavuka kwa sumaku. Upande wa kwanza ukifa ghafla, upande wa pili kwa kawaida unakosa umeme, haupati volti za ziada. Nimefungua nyingi za aina hii, na zilizokuwa na bodi kuu iliyoungua ni chache.

Leo nataka ufanye mambo mawili tu.

Kwanza, igeuze printa utafute kibandiko cha umeme. Huwa nyuma, karibu na tundu la waya, au chini ya tumbo. Niandikie kilichoandikwa, neno kwa neno. Kichwa cha kubadilishia plagi kinabadilisha umbo la miguu tu, volti zinapita vilevile zilivyo.

Pili, na hili usilipuuze hata kidogo: saplai iliyokufa ni hatari kuliko nzima. Ile nzima ukiichomoa, saketi yake inaendelea kufanya kazi kidogo na kumaliza chaji ya kapasita kubwa. Iliyokufa inaweza kubaki na chaji yote, maana hakuna wa kuila. Umeme wa 240 ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) unaijaza kapasita hadi karibu volti 340, kwa sababu kipeo cha wimbi ni 240 mara 1.414. Watu wengi huishotisha kwa bisibisi. Cheche yake inachimba chuma na inaweza kuruka machoni. Chukua resista ya kilo-omu 10 ya wati 5, ishike kwa koleo lenye mipini ya plastiki, iguse miguu miwili ya kapasita kwa sekunde kumi hivi. Kisha pima kwa mita ikiwa kwenye volti za DC. Ikisoma chini ya 10, ndipo uweke vidole. Na printa iwe imechomolewa ukutani, kuizima kwa kitufe hakutoshi.

Hayo majimaji ni ya ndani ya kapasita, yanakula shaba ya bodi. Vaa glavu, uyafute kwa spiriti.

#4 KaratasiTupu

Asante sana fundi. Kibandiko kinasema: AC 100-120V 50/60Hz 0.5A. Nakiri sikukitazama kabisa. Nilidhani kila kifaa cha siku hizi kinakubali 100 hadi 240 kama chaja ya simu.

Kapasita iliyovimba imeandikwa 120µF 200V. Kwa resista imeshuka, mita inasoma volti 3.

Kile kidude cha bluu bado ninacho, upande mmoja unasomeka 10D241K.

#5 FundiMita

Basi jibu lote liko kwenye hayo maandishi matatu uliyoyaleta.

Kapasita ya volti 200 inatosha kwa printa ya 120, kwa sababu 120 ikigeuzwa DC inakuwa kama 170. Wewe ukaipa 340. Kwenye printa zinazokubali 100 hadi 240, kapasita hiyohiyo utaikuta imeandikwa 400V au 450V. Ndiyo alama ya haraka ya kutambua bodi, hata kibandiko kikiwa kimebanduka.

Kidude cha bluu kinaitwa varista. 10 ni kipenyo chake kwa milimita. 241 husomwa 24 na sifuri moja, yaani 240, na hizo ndizo volti ambazo inaanza kufunguka. Kwenye nyumba yenye umeme wa 120 kipeo cha wimbi hakifiki huko, kwa hiyo inakaa kimya miaka yote. Kwenye 240 kipeo kinafika 340, kwa hiyo inafunguka katika kila wimbi, inachemka, inashoti, na fyuzi inakatika. Imewekwa pale ijitoe mhanga ili vilivyo nyuma yake vibaki salama. Mlio wako wa kwanza ulikuwa huo, na nina hakika kubwa kwamba baada ya mlio ule printa ilihitaji fyuzi na varista tu, pamoja na umeme sahihi.

Simlaumu jirani, alitaka kusaidia. Ila mlipokata varista na kuweka fyuzi mpya, mliondoa mlinzi mkaacha mlango wazi kwa volti zilezile. Mlio wa pili ndio uliofika kwenye kapasita na huenda mbele zaidi. Fyuzi ya kioo inasema mengi ukiitazama vizuri: uzi ukiwa umekatika katikati na kioo ni safi, mzigo ulizidi kidogo, kioo kikiwa cheusi au kina rangi ya fedha ndani, kuna shoti kamili mbele yake. Fyuzi nyeusi haibadilishwi kabla ya kuitafuta shoti.

Sasa nipimie haya, bila umeme wowote, kapasita ikiwa tupu. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Lile daraja la dayodi, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa DC, kiwe kipande kimoja chenye miguu minne au dayodi nne pembeni ya kapasita, pima kila dayodi pande zote mbili. Nzima inasoma kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande mwingine haisomi. Ikisoma sifuri pande zote imeshoti. Kisha mosfeti, ile transista iliyobanwa kwenye kipande cha alumini upande wa kapasita: pima mguu wa katikati na wa tatu. Karibu na mosfeti kuna resista kubwa kidogo ya thamani ndogo sana, chini ya omu 1 au karibu na hapo. Pima kama imekatika. Halafu tazama kwa macho ile IC (chipu) ndogo iliyo karibu nayo, uone kama ina ufa au tundu.

#6 LezaMoja

Naomba kudandia uzi. Mimi yangu ni ya leza, nayo ni ya 110-127V, bado sijaichomeka popote. Nimesoma #5, nimeona kumbe ningeiua. Nikibadilisha hiyo kapasita iwe ya 450V na varista niweke ya 240, itakubali umeme wetu?

#7 DadaLehemu

LezaMoja, hapana kaka, tafadhali usijaribu. Niongee mimi kwa upande wa leza kwa sababu ndizo ninazozishika kila siku.

Kwanza tusichanganye fyuzi na fyuza. Fyuzi ni ile ya umeme. Fyuza ni sehemu ya joto inayoyeyusha unga wa wino ushike kwenye karatasi. Ndani ya fyuza kuna taa ya halojeni au kipande cha seramiki cha kuchemsha, na hicho kinapata umeme wa ukutani moja kwa moja kupitia traiaki (swichi ya kielektroniki inayopokea amri ya bodi), hakipitii transfoma yoyote. Kimetengenezwa kwa volti moja tu. Volti zikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne: fyuza ya wati 600 kwenye 120 itataka kuvuta 2400 kwenye 240. Traiaki inashoti, na traiaki iliyoshoti haimsikilizi tena mtu yeyote, inachemsha moja kwa moja. Hapo kinachobaki kuokoa nyumba ni themostati au fyuzi ya joto iliyo juu ya fyuza.

Ndiyo maana kwenye vitabu vya vipuri vya printa za leza utakuta saplai mbili zenye namba tofauti na fyuza mbili zenye namba tofauti, moja ya 110 na nyingine ya 220, kwa modeli ileile. Ukitaka kuihamisha, unabadilisha vyote viwili pamoja. La sivyo tumia transfoma ya kushusha. Usinunue ndogo kwa kutazama kwamba printa "inatumia kidogo": fyuza ikiwaka inavuta mkupuo mkubwa. Soma ampea kwenye kibandiko, zidisha kwa volti, kisha ongeza nafasi ya kutosha juu yake. Kibandiko kikisema 120V na ampea 8, hiyo ni karibu VA 960, nami nisingeweka transfoma ya chini ya VA 1500.

Na kwa yeyote ambaye leza yake ya 120 imeshapigwa na 240, usikate tamaa mapema. Fyuza haiwashwi mpaka bodi ipate uhai na itoe amri. Mara nyingi varista na fyuzi hufa kabla ya amri hiyo, kwa hiyo fyuza inabaki nzima. Ipime: taa ya halojeni ikiwa baridi husoma omu chache, themostati husoma sifuri. Themostati ikiwa imekatika, badilisha kwa ileile. Nimeletewa printa ambayo mtu aliiunganisha themostati kwa kipande cha waya ili "ifanye kazi". Plastiki ya fyuza ilikuwa imeanza kuyeyuka. Usifanye hivyo kamwe.

#8 LezaMoja

Asante sana dada. Kibandiko changu ni ampea 9. Natafuta transfoma.

#9 KaratasiTupu

Fundi, nimepima, nimerudia mara mbili. Daraja ni kipande kimoja, jozi mbili zinasoma 0.000 pande zote, nyingine mbili 0.54. Mosfeti mguu wa katikati na wa tatu 0.002, na mita inapiga kelele. Resista ndogo imekatika kabisa, haisomi. IC ina kitundu kama cha sindano.

Bodi kuu haina alama yoyote ya kuungua, nimeitazama kwa tochi na kioo cha kukuzia.

#10 FundiMita

Umepima vizuri, hongera. Huo ni mfuatano wa kawaida kabisa: mosfeti inashoti, mkondo mkubwa unapita kwenye resista inakatika, na umeme unarudi kwenye IC kupitia mguu unaoamrisha mosfeti. Vitatu hivyo hufa pamoja. Ukibadilisha mosfeti peke yake ukaacha IC, mosfeti mpya haitamaliza sekunde moja.

Sasa una njia mbili, na nitakuambia ninayoipendelea.

Ya kwanza ni kutengeneza bodi hiyohiyo: daraja, kapasita, mosfeti, resista, IC, varista na fyuzi, kila kitu kwa thamani yake ya asili. Itarudi kuwa saplai ya 120 na utahitaji transfoma ya kushusha daima. Kuweka kapasita ya 450V na mosfeti yenye volti zaidi hakuifanyi iwe ya 240, kwa sababu mizunguko ya transfoma ndogo ya ndani na saketi ya kuilinda mosfeti vilihesabiwa kwa volti 170, si 340.

Ya pili ni kutafuta saplai nzima, moduli kamili, ya printa ya familia ileile iliyotengenezwa kwa 220-240 au 100-240. Kwenye printa za wino hakuna fyuza. Bodi kuu inapokea DC tu, haijui wala haijali ukutani kuna volti ngapi. Kwa hiyo moduli ikitoa DC ileile, yenye ampea zisizopungua, na soketi yenye mpangilio uleule wa nyaya, kazi imekwisha. Kwa printa kama yako nachagua hii. Printa nyingi hutupwa kwa sababu ya kichwa kuziba au pedi ya wino chafu kujaa, huku saplai yake ni nzima.

Tazama kibandiko cha kijisanduku chako, kuna sehemu imeandikwa OUTPUT.

#11 KaratasiTupu

OUTPUT: DC 42V. Nyaya ni mbili tu zinazokwenda kwenye bodi kuu. Naanza kuulizia.

#12 Nyutro

Wakuu, niongeze kisa changu kwa sababu kichwa cha uzi kinaweza kumfanya mtu adhani printa ya 100-240 haiguswi. Yangu ilikuwa ya 100-240, na iliungua ikiwa kwenye soketi ileile ya siku zote.

Kilichotokea ni waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, kukatika kwenye njia ya umeme wa fezi tatu. Nyutro ikikatika, nyumba za fezi tofauti zinajikuta zimeunganishwa mfululizo kati ya fezi na fezi, ambako kuna volti 400 hivi. Yenye mzigo mdogo inapata volti nyingi, yenye mzigo mkubwa inapata chache. Kwetu taa zilianza kung'aa kupita kiasi, kwa jirani zikafifia. Kama mtu ataona hali hiyo, akazime swichi kuu kabla hajachomoa chochote. Mimi nilikimbilia kuchomoa televisheni, printa ikafa nyuma yangu.

Ndani: fyuzi nyeusi, varista ya 471 imepasuka, daraja limeshoti, mosfeti imeshoti, resista imekatika, IC imetoboka. Ni orodha ya mleta uzi isipokuwa kapasita, ambayo ilipona. Moduli sikuipata popote, nikaitengeneza hivyohivyo. Namba ya IC ilikuwa bado inasomeka, hilo ndilo lililoniokoa. Kwa hiyo, wenye kufungua, pigeni picha kila kitu kabla hamjafuta masizi.

Kuwasha mara ya kwanza nilitumia balbu ya sirizi. Unakata njia ya waya mmoja wa umeme, unaingiza balbu ya uzi, ya wati 60 hivi, ya volti za ukutani. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Kama bado kuna shoti, balbu inawaka kama kawaida na saplai haipati madhara mapya. Kama ni salama, inamulika mara moja kapasita ikijaa, kisha inazima au inabaki na wekundu wa mbali. Yangu ilimulika ikazima. Nilikaa chini nikavuta pumzi. Mita ikasoma volti 24 upande wa pili.

#13 FundiMita

Nyutro, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Niongeze dogo: kipimo cha balbu ni cha saplai isiyo na mzigo. Ukiunganisha printa nzima kupitia balbu, motor zikianza kuzunguka volti zitaanguka na utadhani bado kuna tatizo.

Pia baadhi ya saplai hazitoi volti kubwa mpaka bodi kuu izipe ishara. Zikiwa peke yake mezani zinatoa volti 3 au 5 za stendibai tu. Usiitangaze kuwa mbovu kwa sababu hiyo.

#14 Kibandiko

Samahani, labda naleta swali la kizamani: pale mtu anapokuwa na haraka, hawezi kuzungushia waya kwenye fyuzi ili ajue tu kama mashine ni nzima?

#15 DadaLehemu

Ndugu yangu, hapana. Fyuzi iliyozungushiwa waya haikatiki, kwa hiyo kitakachokatika ni njia ya shaba kwenye bodi, au waya wa ukutani, au plastiki itashika moto. Balbu ya sirizi aliyoieleza Nyutro inakupa jibu hilohilo bila hatari hiyo. Na fyuzi mpya iwe ya alama ileile. T3.15A 250V maana yake inachelewa kukatika, inavumilia mkupuo wa kuwasha. Ukiweka ya F, inayokatika haraka, inaweza kukatika kila ukiwasha, utafikiri printa ina kasoro.

Na wenye kubadilisha kapasita, zile za manjano zilizoandikwa X2 na zile ndogo za bluu zilizoandikwa Y zinabadilishwa kwa X na Y peke yake. Ile ya Y ndiyo inayokaa kati ya umeme wa ukutani na upande unaoguswa na mkono wa mtu. Ya kawaida ikishoti pale, sanduku zima la printa linakuwa na umeme.

#16 Kibandiko

Nimeelewa dada, asante. Sasa niseme kilichonileta. Nina printa ndogo ya vibandiko ya volti 24. Kijana wangu alichomeka adapta ya kifaa cha mtandao ya volti 48, kichwa kilikuwa kinaingia sawasawa. Haikutoa mlio wala harufu, ilinyamaza tu.

#17 FundiMita

Hiyo ni habari tofauti kidogo, maana hapa volti za ziada zimeingia upande wa ndani, ambako hakuna transfoma ya kukinga. Lakini una nafasi nzuri. Fungua, fuata njia kutoka tundu la adapta. Mara nyingi utakuta kifyuzi kidogo bapa kilicholehemewa juu ya bodi, na baada yake dayodi ya kinga, TVS, imekaa kati ya chanya na hasi. Kazi yake ni ileile ya varista: volti zikizidi inafunguka, ikichoka inashoti, na kifyuzi kinakatika. Pima chanya na hasi baada ya kifyuzi. Ikisoma sifuri, inyanyue TVS mguu mmoja, pima tena. Kama shoti imeondoka, umempata. Badilisha vyote viwili kwa alama zilezile, usiirudishe kazini bila TVS.

Kama bodi yako haina kinga hiyo, kinachotangulia kufa ni IC ya kushusha 24 kuwa 5 au 3.3, na kapasita za volti 35. IC hiyo ikishoti kuelekea mbele, 48 zinafika kwenye prosesa, na hapo kwa kweli sina matumaini ya kukupa.

#18 Kibandiko

TVS! Imesoma 0.4 omu, nilipoinyanyua ikawa wazi. Kifyuzi kimekatika. Nimeagiza vyote.

#19 KaratasiTupu

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu.

Nimepata moduli kwenye printa ya familia ileile iliyokuwa imewekwa stoo kwa ajili ya kuziba wino. INPUT 100-240V, OUTPUT 42V, ampea sawa na yangu. Soketi ni ileile, lakini kabla sijaunganisha nilikumbuka maneno ya mpangilio wa nyaya. Nikaiwasha peke yake kwa balbu ya sirizi: ilimulika, ikazima. Mita ikasoma 42.3. Nikahakikisha chanya iko upande uleule ulioandikwa kwenye bodi yangu. Nikazima, nikachomoa, nikasubiri, nikapima kapasita, nikaiunganisha.

Imewaka. Taa zote, kichwa kikatembea kwenda na kurudi, ikavuta karatasi.

Shida iliyobaki: kwenye ukurasa wa majaribio rangi nyeusi ina mistari iliyokatika na ya bluu haitoki kabisa. Nimesafisha mara mbili kwa programu yake, imeongezeka kidogo tu. Je, ni umeme ulifika kwenye kichwa?

#20 FundiMita

Hapana mkuu, hiyo haina sura ya umeme. Kichwa kilichoungua kwa volti kwa kawaida hupoteza rangi nzima na hakibadiliki hata ukisafisha. Chako kimebadilika, maana yake ni wino uliokauka na hewa iliyoingia kwa kukaa wiki kadhaa. Na pale mlipoichomeka mara ya kwanza saplai ilikufa kabla haijampa kichwa kitu chochote.

Usisafishe mfululizo, kila usafishaji unamwaga wino kwenye pedi ya chini. Izime vizuri kwa kitufe ili kichwa kirudi kwenye mfuniko wake, iache usiku mzima, kesho safisha mara moja tu, kisha chapisha ukurasa wa majaribio.

#21 KaratasiTupu

Nyeusi imekamilika. Ya bluu imerudi, imebaki mistari miwili inayokosekana pembeni. Nimechapisha mazoezi ya darasa zima asubuhi hii, kurasa 46, na hayo mapengo hayaonekani kwenye maandishi.

Ile bodi ya zamani nimeitoa. Jirani ameiomba, anataka tuketi pamoja aipime mwenyewe kwa kufuata namba #5, kisha abadilishe vipande vyote alivyovitaja fundi. Nimemwambia akimaliza tutaijaribu kwa transfoma ya kushusha, na varista itarudi mahali pake.

#22 DadaLehemu

Vizuri sana. Mwambie kwenye bodi hiyo apime na optokapula kabla hajawasha, ile IC ya miguu minne iliyokaa juu ya mstari unaotenga pande mbili. Mara nyingi hupona, lakini ikiwa imekufa saplai haitajua inatoa volti ngapi, nayo itapandisha 42 bila kikomo. Majaribio ya kwanza ayafanye bila printa.

#23 KaratasiTupu

Nimemsomea. Amesema optokapula anayo ya akiba.